Watu wanne, Noah moja, siku tatu Nairobi: uchambuzi wa paking na malazi

Kisa chenyewe ni cha kawaida. Familia ya watu wanne inatoka Voi kwa Toyota Noah siku ya Jumatano na inataka kuwa imerudi nyumbani Ijumaa jioni. Bibi ana kliniki ya goti katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Alhamisi asubuhi. Binti ana usaili wa kazi Ijumaa saa tatu, katika jengo lililo Kimathi Street. Baba, ambaye ndiye dereva, anatafuta maunti ya injini, yaani kishikizo cha chuma na raba kinachoishika injini, Kirinyaga Road, ile ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Mama anakwenda kwa ajili ya bibi. Hawana jamaa wa kuwapokea Nairobi, na bajeti yao bila chakula ni shilingi 26,000.

Familia hii ni ya mfano. Bei za vyumba, teksi na matatu zilizotajwa humu ni za kupangia hesabu tu. Barabara, taratibu na shida zake ndivyo zilivyo.

Gari la nini?

Treni ya Madaraka Express, ile inayosimama vituoni, hupita Voi, kwa hiyo swali hili haliwezi kurukwa. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka Mombasa hadi Nairobi ni shilingi 1,500, na anayepandia Voi hulipa chini ya hapo. Watu wanne, kwenda na kurudi, hawafikishi 12,000.

Sasa petroli. Voi hadi Nairobi ni kilomita kama 330. Ukiongeza mizunguko ya mjini, safari nzima ni kilomita 700. Noah ya cc 2,000 iliyojaa watu na mizigo, yenye injini nzima, huenda kilomita 10 kwa lita, basi zinahitajika lita 70. Tukikadiria 185 kwa lita, hiyo ni shilingi 12,950. Bei halisi hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kila tarehe 14 ya mwezi na kuanza kutumika tarehe 15, kwa hiyo anayesafiri katikati ya mwezi aangalie asipige hesabu kwa bei iliyokwisha.

Kwa pesa peke yake, treni inashinda. Kinachoigeuza hesabu ni goti la bibi. Treni inaishia Syokimau, kilomita karibu 20 kutoka katikati ya jiji, na kutoka pale kuna ngazi, foleni na gari jingine la kupanda. Kama bibi asingekuwa safarini, Noah ingebaki Voi na uchambuzi huu ungeishia hapa.

Jambo dogo la mafuta: tangi la Noah hii ni lita 60. Lijazwe Voi, kwa kuwa bei hupanda kadiri unavyoiacha bandari ya Mombasa. Siku ya kurudi lita 15 zinatosha kufika nyumbani bila wasiwasi.

Gari lilale upande lilikoingilia

Wengi huanza kwa kutafuta chumba cha bei nafuu, halafu wakishalipa ndipo wanauliza gari litakaa wapi. Kwa mwenye gari mpango huo umepinduka. Gari ndilo gumu kupata pa kulala, watu wanalala popote. Na kwa ziara fupi kama hii kuna kanuni moja inayookoa saa nyingi kuliko nyingine zote: gari lilale upande ule ule lilikoingilia mji, na lisivuke katikati ya jiji bila sababu.

Anayetoka Thika Road atafute Kahawa, Kasarani au Roysambu. Anayeshuka kutoka Nakuru atafute Kikuyu, Uthiru au Westlands. Wetu wanaingia kwa Mombasa Road, kwa hiyo upande wao ni Syokimau, Imara Daima, South B na South C. Bahati ni kwamba Hospitali ya Kenyatta inafikika kutoka upande huo bila kugusa katikati ya jiji, kwa Lang'ata Road kisha Mbagathi Way.

Walikuwa na njia tano mezani.

Loji za River Road na mitaa ya jirani ndizo za bei ya chini. Tuseme vyumba viwili kwa 1,500 kila kimoja, siku mbili, ni 6,000. Lakini nyingi hazina hata futi moja ya paking. Gari litalazwa kwenye kiwanja cha kulipia cha saa ishirini na nne, tuseme 500 kwa usiku, na mchana likiachwa barabarani kuna ada ya kaunti, 300 kwa siku. Hesabu inafika 7,600, na bado bibi atapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kwa sababu lifti hamna, huku muziki wa baa ya chini ukitikisa kitanda. Kwa kijana mmoja aliyekuja kwa basi kununua bidhaa, River Road ni sawa kabisa. Kwa kisa hiki haifai.

Fleti za kukodi kwa siku za Roysambu, hasa pande za Mirema na Lumumba Drive, ni nyingi na zinashindana bei. Vyumba viwili vya kulala kwa 4,000 kwa siku si ndoto, na jiko lipo. Tatizo ni kwamba zipo upande wa pili wa jiji. Kumfikisha bibi Upper Hill, iliko hospitali, saa moja asubuhi kutoka Thika Road ni kuamka saa kumi usiku au kukaa kwenye foleni ya magari huku kliniki ikianza bila yeye.

Gesti za makanisa na vyama zilizo karibu na hospitali ni za kuheshimika: ACK Guest House iko upande wa Community, Flora Hostel iko 5th Ngong Avenue. Zina ua, geti, soja na kifungua kinywa, na zote ziko karibu na hospitali. Ukikadiria vyumba viwili vya vitanda viwili kwa 4,500 kila kimoja, siku mbili ni 18,000. Ndiyo njia ya kustarehesha kuliko zote, na kama kliniki ingekuwa siku mbili mfululizo tungesema walipe tu. Kwa bajeti hii, zinameza pesa ya dharura yote na zaidi. Anayezitaka apige simu mapema, maana kukiwa na kongamano hujaa wiki nzima.

Syokimau ina fleti nafuu na mpango mzuri kwa mtu wa aina nyingine: unaacha gari kituo cha treni cha Syokimau, kilichofunguliwa 2012 kikiwa na maegesho yake, unapanda treni ya abiria hadi stesheni kuu ya Nairobi. Kwa mwenye shughuli mjini tu hakuna kinachoshinda hapo. Kutoka stesheni hadi Upper Hill na goti bovu ni hadithi nyingine.

South C ndiyo iliyochaguliwa. Fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya chini, 5,000 kwa siku, gari ndani ya geti. Siku mbili, 10,000. Wanaosafiri peke yao na gari dogo wana pia hosteli ya YMCA mtaa huo huo. South C ina kasoro yake, nayo isifichwe: sehemu zake ziko bondeni na mvua kubwa huzijaza maji. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Novemba, swali la kwanza kwa mwenye nyumba si Wi-Fi bali ni kama maji huingia uani hadi kwenye magurudumu. Fleti ya chini inayomfaa bibi ndiyo hiyo hiyo inayofikiwa na maji kwanza. Safari hii ikiwa Aprili, South B upande wa juu, au hata Upper Hill kwa bei yake, ingestahili kufikiriwa upya.

Simu moja kabla ya kutuma pesa

Neno "paking ipo" kwenye tangazo lina maana nne tofauti. Linaweza kuwa ni ndani ya geti, nafasi yenye namba ya nyumba hiyo. Linaweza kuwa ndani ya geti lakini wa kwanza kufika ndiye mwenye nafasi. Linaweza kuwa nje ya ukuta, soja "anaangalia". Au ni chini ya jengo, mahali ambapo gari refu haliingii. Katika majengo mengi ya kupanga kila nyumba ina nafasi moja, na mpangishaji wa siku mara nyingi amekwisha kumpa jirani nafasi yake kwa mwezi. Mgeni hufika saa mbili usiku akaambiwa na soja kwamba hana taarifa naye.

Mazungumzo yanatakiwa yawe ya moja kwa moja, hivi:

"Habari yako dada. Tunakuja na Noah, tuna mama mzee. Gari linalala ndani ya geti ama nje?"

"Ndani, hakuna shida."

"Asante. Hiyo nafasi ni ya nyumba yako ama ni ya yeyote? Na geti hufungwa saa ngapi?"

"Ni yetu. Geti soja yuko usiku kucha."

"Basi naomba unitumie picha ya hapo gari linapolala, na jina la soja wa zamu ya jioni."

Ombi la picha ndilo kipimo. Mwenye nafasi ya kweli hutoka nje na kuipiga muda huo huo. Asiyekuwa nayo hutuma picha ya sebule tena, au ananyamaza. Picha hiyo pia inakuonyesha mambo ambayo hakuna anayeyasema kwa simu: mteremko wa kuingilia, mtaro usio na kifuniko, nguzo iliyoko pembeni ya geti, na kama magari yamepangwa moja nyuma ya jingine. Mpango huo wa mwisho una shida yake. Ukizibwa nyuma, utaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri pale tu aliyekuziba atakapoamka, au umwachie soja ufunguo. Kumwachia soja ufunguo wa gari ni jambo la kukataa kwa adabu. Heri uegeshe wa mwisho, karibu na geti.

Urefu wa gari kutoka chini hadi juu unahitaji kupimwa kabla ya safari, si mbele ya chuma cha paking. Noah ya aina ya ZRR70 ina urefu wa mita 1.85, na ile ya magurudumu manne kuendesha inazidi kidogo. Mlango wa paking ya chini ya jengo ulioandikwa mita 2.0 au 2.1 unaipitisha. Weka kerea ya mizigo na mifuko miwili juu ya paa, umefika 2.2, na sasa haipiti. Hata kama baba anataka kuja na kerea, mizigo yote iwe ndani na kerea ibaki Voi. Dereva anayekuja na Hiace ya paa la juu asijisumbue kabisa na paking za chini ya ardhi.

Kuhusu malipo: tuma kiasi kidogo cha kushikilia nafasi, salio likalipwe ukishaona geti. Tangazo la bei ya kushangaza linalotaka pesa yote kwa namba ya simu ya mtu kabla hujafika, huku likisema kuna wateja wengine wanaingojea, liache lipite. Uliza pia kama kuna tangi la maji, kwa sababu mgao wa maji Nairobi ni wa kawaida, na kama kitambulisho kitahitajika getini. Watu wazima wote wabebe vyao.

Jumatano: kuingia

Kuondoka Voi saa mbili asubuhi kunawafikisha Mlolongo kama saa nane mchana, wakisimama mara moja kula. Ni muda mzuri. Baada ya saa kumi, malori yanayoelekea bandarini, matatu na wafanyakazi wanaorudi nyumbani hukutana wote kuanzia Mlolongo hadi Nyayo Stadium.

Barabara ya juu, yaani Nairobi Expressway, ina urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands na imekuwa ikitumika tangu 2022. Tangu Januari 2024 gari dogo hulipa shilingi 500 kwa urefu wote, na chini ya hapo ukishuka njiani. Kwa familia hii haihitajiki, barabara ya chini inawafikisha South C bure. Ingekuwa wanalala Upper Hill na wamechelewa, mlango wa kushukia Haile Selassie ungefaa: unashuka, unaelekea magharibi, unapanda hadi Community. Anayeitumia aweke noti mkononi. Kuanza kutafuta pesa dirishani, nyuma una magari kumi, ni kujitafutia honi na matusi.

Wakishafika, gari liegeshwe kichwa kikielekea geti, mizigo yote itolewe, hata mfuko mtupu. Kioo kinachoonyesha kiti kitupu hakimvutii mtu. Vioo vya pembeni na taa za Noah zina soko, na ndiyo maana wenye magari wengi Nairobi huchora namba ya usajili kwenye kila kioo. Gharama ya kuchora ni ndogo ukilinganisha na kioo kipya, na fundi wa Voi anaweza kuifanya kazi hiyo kabla ya safari.

Alhamisi: hospitali bila kuegesha

Hapa ndipo akiba kubwa ya kisa hiki ilipo, na haimo kwenye bei ya chumba. Gari linatumika mara moja tu, asubuhi, kumshusha bibi, kisha linarudi kulala.

Kutoka South C watoke saa kumi na mbili kasorobo. Lang'ata Road, kisha mzunguko wa T-Mall, Mbagathi Way, kupita Kenyatta Market, hadi eneo la hospitali. Kwa saa hiyo ni safari fupi. Saa moja na nusu, njia hiyo hiyo inaweza kuchukua mara tatu ya muda huo. Mama na bibi washuke karibu iwezekanavyo na kliniki yenyewe. Hospitali ni kubwa, na bibi akishushwa geti lisilo sahihi atatembea umbali ambao ndio uliomfanya aje na gari. Barua ya kliniki huwa imeandikwa jina la kliniki na namba. Muulizeni askari wa geti kwa jina hilo, si kwa "kliniki ya goti".

Baba asiegeshe. Paking ya hospitali siku za kliniki hujaa mapema, na anayesubiri nafasi huishia kuzunguka huku akichoma petroli, au kuliacha gari kando ya barabara mahali pasiporuhusiwa, ambapo huja kulikuta na klampu, chuma cha kufungia gurudumu. Arudi South C mara moja. Foleni ya wagonjwa inaweza kuisha saa sita au saa tisa, hakuna ajuaye, na gari lililo uani halina presha.

Bibi akimaliza, teksi ya programu ya simu inawarudisha kwa kama 500. Mama aandike kwenye programu jina la geti walilosimama, kisha ampigie dereva papo hapo. Dereva wa Nairobi huenda pale ramani inapomwambia, na ramani ya hospitali kubwa hupenda kumpeleka upande wa pili wa ukuta. Mvua ikinyesha bei hupanda na magari hupotea. Hapo ndipo baba anaweza kuitwa aje na Noah kuwachukua, bila kuegesha.

Ijumaa: mjini kwa matatu

Binti na baba wanapanda matatu ya South C saa moja asubuhi, tuseme 80 kwa kila mmoja, kwenda na kurudi 320 kwa wote wawili. Noah inabaki. Lakini kwa kuwa wapo watakaosema wana haraka na wataingia mjini na gari, utaratibu ni huu.

Sheria ya Fedha ya Kaunti ya 2023 iliweka ada ya kuegesha barabarani katikati ya jiji kuwa shilingi 300 kwa siku kwa gari dogo. Ada ni ya siku, si ya saa: anayekaa dakika arobaini na anayekaa hadi jioni wanalipa sawa, na malipo ya eneo la katikati yanakuruhusu kuhama kutoka mtaa mmoja hadi mwingine wa eneo hilo hilo siku hiyo bila kulipa tena. Malipo ni kwa simu, *647#. Unachagua paking, kisha ya siku, unaandika namba ya gari bila nafasi katikati, unachagua eneo na aina ya gari, halafu M-Pesa inakuomba namba ya siri. Usiondoke kwenye gari kabla ya ujumbe wa kuthibitisha. Kosa la mara kwa mara ni herufi: mtu anaandika O mahali pa sifuri, au anasahau herufi ya mwisho. Pesa imekwenda, lakini askari wa kaunti akichunguza namba iliyo kwenye gari lako anaona halijalipiwa. Klampu haijali kwamba una ujumbe wa M-Pesa. Itafunguliwa baada ya kueleza, na kueleza huchukua muda ambao mwenye usaili wa saa tatu hana.

Kijana atakayekimbia mbele ya gari kukuonyesha nafasi hajaajiriwa na kaunti. Hamsini ya asante ukiondoka haina ubaya. Akisema umpe mia tatu "akulipie", kataa: pesa ya paking haipiti kwa simu ya mtu. Ukishafunga mlango kwa rimoti, shika kitasa na uvute. Kuna wezi wenye kifaa kinachozuia mawimbi ya rimoti, gari linabaki wazi nawe umeshageuka ukiamini umefunga.

Ndiyo, ni 300 tu. Lakini kutoka South C kwa gari saa moja asubuhi, kuvuka mzunguko wa Nyayo na Uhuru Highway, kisha kutafuta nafasi karibu na Kimathi Street, ambako nafasi huisha mapema, ni kumpeleka binti kwenye usaili akiwa amekunja uso. Matatu ina foleni hiyo hiyo, lakini humshusha na kuondoka.

Kirinyaga Road nayo haitaki gari. Ukifika na Noah, mafundi watafungua boneti kabla hujazima injini, na bei itapanda kwa sababu wamekuona umetoka mbali. Maunti iliyokwisha ivuliwe na fundi wa Voi kabla ya safari, iwekwe nyingine ya muda, na ya zamani iingie kwenye mfuko wa plastiki kama sampuli. Kama haiwezi kuvuliwa, piga picha ya kibati kilichomo chini ya boneti kinachoonyesha modeli ya gari. Noah ya ZRR70 ina injini ya 3ZR, ile ya zamani ya AZR60 ina 1AZ, na maunti zake hazibadilishani ingawa muuzaji ataapa kwamba "ni moja". Upande pia utajwe, kulia, kushoto au nyuma.

Ukipewa ya mtumba kutoka Japani, igeuze. Bonyeza raba kwa kidole gumba kuzunguka pete ya chuma, ukitafuta ufa mwembamba mahali raba inaposhikana na chuma. Zile zenye mafuta ndani zikiwa zimepasuka huacha unyevu mweusi unaonata hata baada ya kufutwa kwa kitambaa. Angalia ndani ya mashimo ya bolti, maana wafutaji huko hawafiki. Baba awe na pesa za maunti nje ya bajeti ya safari, vinginevyo ataila bajeti ya malazi.

Saa ya kutoka chumbani

Wenyeji wengi hutaka chumba kiachwe saa nne asubuhi. Usaili unaanza saa tatu. Hili linasahaulika kwenye kila mpango wa aina hii, na matokeo yake ni bibi mwenye goti bovu ameketi juu ya sanduku uani. Mama aombe Alhamisi, si Ijumaa, aruhusiwe kukaa hadi saa sita. Mwenyeji akikubali bure, vizuri. Akitaka mia tano, alipwe. Akikataa kwa sababu kuna mgeni mwingine, mizigo iingie garini dakika za mwisho, ifunikwe, na bibi akae kwenye kiti cha mbele ndani ya geti mlango ukiwa wazi.

Kuondoka kuna mpaka mmoja wa saa, nao ni saa saba mchana. Wakipita Mlolongo kabla ya hapo, watafika Voi jua likizama, wakiwa wameendesha kiza kidogo sana au hawakuendesha kabisa. Wakichelewa hadi saa tisa, wataingia kwenye foleni ya Ijumaa ya kutoka Nairobi, kisha wamalizie Mtito Andei hadi Voi usiku, kwenye barabara ya malori yanayopitana kwenye njia moja kila upande. Baba ambaye ameamka kabla ya alfajiri siku mbili mfululizo hafai kuendesha kipande hicho usiku. Usaili ukivuta, au Grogan ikikataa kutoa maunti, wanalala usiku wa tatu na kuondoka Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Sasa hesabu. Petroli 12,950, fleti 10,000, teksi 500, matatu 320. Jumla 23,770. Inabaki 2,230. Usiku wa tatu ni 5,000. Bajeti ya 26,000 inatosha kila kitu kikienda sawa na inapungukiwa 2,770 kisipoenda, na safari yenye kliniki na usaili ndani yake haina sababu ya kutegemea kwenda sawa. Familia hii ingeingia Nairobi na 29,000, au ingehamisha usaili uwe Alhamisi mchana kama mwajiri anakubali. Jumatano jioni, wakati wa kulipa salio, mama amuulize mwenyeji kama Ijumaa fleti iko wazi na amwombe asiitoe kabla ya saa sita mchana. Wenyeji wengi hukubali, kwa sababu wageni wa Ijumaa huanza kupiga simu alasiri.